Futi Iliyovutika

Nyumbani kwa Sumaku viatu vilivuliwa mlangoni kama katika nyumba nyingine, isipokuwa kwa chumba kimoja. Kabla ya kuingia chumba cha mbele, ambamo mama yake alishona nguo za watu, ilikuwa lazima uvae viatu tena. Wateja walicheka.

"Fundi, kwako mambo yako kichwa chini miguu juu!"

"Vaa tu, dada," Mama alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani. "Pini haina adabu. Haiangalii ni mguu wa nani."

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya Sumaku akitoka shule ilikuwa kuokota pini. Baba yake alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini. Siku moja alirudi na kipande cha sumaku kilichotolewa kwenye spika mbovu, akakifunga uzi mnene, akampa binti yake. Msichana alikiburuta sakafuni polepole kama mtu anayetembeza mbuzi: nyuma ya mlango, kuzunguka cherehani, chini ya meza ya kukatia. Ka. Ka. Pini na sindano zilizovunjika ziliruka zikanasa. Kwa sababu ya kazi hiyo, na kwa sababu tangu utotoni alikuwa amemganda mama yake, kila mtu alimwita Sumaku. Jina lake la shule likabaki la shule.

Katika chumba kile kulikuwa na sehemu mbili ambazo hakuzipenda.

Ya kwanza ilikuwa chini ya meza ya kukatia, mwisho kabisa ukutani. Hapo kilikaa kiatu kimoja cha wazi, cha mguu wa kulia, chenye kishikizo cha chuma. Kilikuwa cha Bibi, mama yake Mama. Cha kushoto kilitupwa siku Bibi aliporudi kutoka hospitali bila mguu wa kushoto. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwanzo wake ulikuwa lengelenge dogo kwenye kidole cha mguu huo, dogo kama punje ya mchele, na kila aliyemuuliza alimjibu kwa kicheko: "Wala hauumi." Kumbe huko kutouma ndiko kulikokuwa kubaya. Sumaku alikuwa mdogo wakati huo, lakini fimbo ya Bibi alikuwa akiikumbuka vizuri: ko, kimya, ko, kimya, kutoka chumbani hadi jikoni. Halafu kimya tupu. Sasa kila alipopitisha sumaku chini ya meza, ilinasa kwenye kile kishikizo, naye akalazimika kuivuta kwa nguvu, kana kwamba upande wa pili kuna mtu ameshika.

Sehemu ya pili ilikuwa pembeni karibu na dirisha, liliposimama sanamu la kuvalishia nguo. Halikuwa na kichwa wala mikono. Mama alipoambiwa kwamba yeye pia ana sukari, alilijaza sanamu lile mabaki ya vitambaa tumboni, kifuani na nyongani mpaka likalingana naye kabisa. Kisha akalivalisha gauni lake pana la bluu, lile alilolivaa siku ya kumzika Bibi.

"Huyo abaki hapo," Mama alisema. "Mimi naondoka."

Na kweli aliondoka. Zahanati ilikuwa na mradi wa watu wenye sukari, na Mama akajiunga. Kiongozi wao alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni waliyemwita Kocha. Asubuhi walitembea pamoja kuzunguka uwanja wa shule, wakubwa kwa wadogo, huku wakipiga soga. Walifundishwa kugawa sahani, mboga zichukue nusu yake, na kunywa chai isiyo na sukari mpaka ulimi uzoee. Kila wiki walipanda kwenye mizani, mmoja mmoja, wengine wamevua hata hereni ili wapunguze uzito. Miaka ikapita hivyo. Mama alipunguza magauni yake, akayapunguza tena. Lakini sanamu lilibaki vilevile pale pembeni, nene, la bluu, kimya. Sumaku alilipa jina. Aliliita Yule.

Halafu mradi ukaisha. Siku ya kuagana, Kocha aligawa vyeti na kumpa kila mmoja futi mpya ya kupimia, utepe wa njano wenye bati mwishoni.

"Mizani naondoka nayo, ni mali ya mradi," alisema. "Jipimeni viuno kwa futi hii. Mnajua yote sasa. Mmefuzu."

Watu wakapiga makofi. Mizani ikabebwa nje ndani ya boksi. Pale ilipokuwa imesimama, sakafu ya zahanati ilibaki na mraba mweupe, na kwa muda mrefu waliopita pale waliukwepa kama kaburi.

* * *

Hakuna aliyesema, "Leo naacha." Mambo hayakwenda hivyo. Kwanza walitembea wote. Kisha mmoja akapata mjukuu wa kulea, mwingine akahama. Mwishowe walibaki Mama na Mama Matunda, jirani aliyeuza ndizi na machungwa kwenye toroli. Naye Mama Matunda akalazimika kuanza kuwahi sokoni. Mama akatembea peke yake, akawa anarudi mapema, akisema barabara ni ndefu ukiwa huna wa kuzungumza naye. Ukaja msimu wa sare za shule. Sasa alikuwa akikaa kwenye cherehani tangu asubuhi, anakula hapohapo, mkono mmoja kwenye kitambaa na mwingine kwenye mkate.

"Kipande kimoja kinaona upweke," alitania, akichukua cha pili.

Kila Jumapili Sumaku alimpima kiuno. Mama alisimama katikati ya chumba, mikono juu, macho amefumba, na Sumaku akazungusha futi mpya na kusoma kwa sauti. Jumapili moja namba ilipanda. Iliyofuata ikapanda tena.

"Umeshika vibaya," Mama alisema. "Pima upya."

Sumaku akapima upya. Namba ikawa ileile.

Mama alishusha mikono, akaenda kukaa. Mchana alisema hana njaa. Lakini Sumaku alipopita baadaye karibu na kabati la vyombo, alimkuta mama yake amesimama akila mkate mkavu haraka haraka, ameugeukia ukuta, huku machozi yakimtiririka na yeye hata hayafuti. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Kutoka pembeni, Yule alikuwa kama anawatazama wote wawili, ingawa hakuwa na kichwa.

"Sikia, mwanangu," Mama alisema bila kugeuka. "Naona narudi kule kule. Kama aliyenitangulia."

Sumaku hakulala vizuri siku ile. Maneno hayo yalimkaa kifuani. Aliwaza jambo moja tu: namba isipopanda, Mama hatalia.

Kwenye droo ya cherehani kulikuwa na futi nyingine ya njano, kuukuu, bati lake limeng'oka. Ilikuwa imevutwa miaka mingi mpaka ikarefuka. Mama alikuwa ameshaionya nyumba nzima juu yake. Aliwahi kumpima mwalimu mmoja kwa futi hiyo, akakata kitambaa kwa nyingine, na gauni likagoma kupita nyongani. Mwalimu alirudi nalo mkononi, amevimba kwa hasira. "Futi iliyovutika ni mwongo mwenye sura ya mkweli," Mama alisema siku hiyo. "Namba zimeandikwa vizuri, mstari umenyooka, lakini inakupa kidogo kuliko kilichopo. Kuanzia leo kazi yake ni kufungia vitambaa tu."

Jumapili iliyofuata Mama aliinua mikono na kufumba macho. Sumaku akaifungua droo taratibu.

"Imeshuka, Mama," alisema, na kuitaja namba.

Mama alifumbua jicho moja. "Kweli?"

"Kweli."

Mama alicheka mpaka mabega yakatikisika. Alimkumbatia binti yake, akamzungusha katikati ya chumba, akaimba kipande cha wimbo wa kitoto. Sumaku naye alicheka. Lakini walipozunguka upande wa dirisha alifumba macho, ili asilione sanamu.

* * *

Uongo ule haukutosha mara moja. Kila Jumapili ulidai mwingine, na kila mwingine ulikuwa na matokeo yake.

Siku ya kliniki ilipofika, Mama hakwenda. "Nikakae foleni nusu siku kufanya nini, na kiuno ndicho hiki? Acha wagonjwa waende." Viatu vyake vya kufunika, ambavyo Nesi wa zahanati alikuwa amewaagiza wavae kila saa, vilianza kumbana. Akavivua na kuanza kushona miguu mitupu, yeye aliyewalazimisha wateja kuvaa. "Nausikia vizuri mkanyagio nikiwa hivi," alisema. Magauni yake aliyafumua ubavuni, akaachia kile kitambaa cha akiba kilichofichwa ndani ya mshono. Akiba ilipoisha alisema, "Vitambaa vya siku hizi! Ukifua tu vinarudi, vinabana."

Sumaku aliona yote. Aliona pia jambo ambalo hakuweza kumwambia mtu. Sanamu halikusogea hata kidole, lakini kila wiki Mama alikuwa karibu nalo zaidi. Alipokaa kwenye cherehani na mwanga wa dirisha nyuma yake, kivuli chake ukutani kilikuwa na umbo la Yule. Upepo ulipogonga ubao wa dirisha, ko, kimya, ko, Sumaku aliruka. Aliangalia, akaona ni dirisha. Hata hivyo hakuingia mpaka ukimya urudi.

Aliyemchokoza wa kwanza alikuwa rafiki yake waliyekaa naye dawati moja, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika.

"We Sumaku," Redio alisema wakitoka shule, "mama yako anarudi nyuma kama basi lililosahau abiria."

"Nani kakuuliza?"

"Sijaulizwa, nimeona. Jana kapita dukani, nikadhani ni mtu mwingine."

"Kiuno chake kinashuka. Nampima mwenyewe kila Jumapili."

Redio alisimama katikati ya njia, akashika kiuno. "Basi futi yenu imelewa!"

Wenzao wakaangua kicheko. Sumaku alihisi masikio yanawaka. Akaongeza mwendo. Tangu siku ile aliogopa kukaa karibu na mama yake, asije akaulizwa kitu. Akitoka shule aliburuta sumaku mlangoni mara mbili tatu, basi. Karibu na cherehani hakufika, wala chini ya meza penye kiatu cha Bibi. Siku nyingine hakuiburuta kabisa.

Ikafika alasiri moja ya mawingu mazito. Umeme ulikuwa umekatika na mvua ilikuwa bado kuanguka. Sumaku alivua viatu mlangoni, akasikia cherehani ikienda chumba cha mbele, taratibu, tra-ta-ta, tra-ta-ta. Akavaa viatu tena na kusukuma mlango.

Kitu cha kwanza alichoona ni sanamu. Lilikuwa uchi. Vitambaa vya mabaki vilikuwa vimetokeza tumboni, vya kijivu, vimefungwa kwa kamba. Gauni la bluu halikuwapo.

Kitu cha pili alichoona ni Yule, amekaa kwenye cherehani, amempa mgongo, anashona.

Sumaku alishika fremu ya mlango. Gauni lilikuwa lilelile, mshono uleule begani, mgongo uleule mpana. Cherehani ikasimama. Mtu yule akageuka, na uso ulikuwa wa mama yake.

"Mbona umesimama kama umeona mzimu?"

"Mama... gauni."

"Ah. Hayo mengine yote yamerudi kwenye maji." Mama alijilazimisha kutabasamu. "Nimelivaa leo tu."

Lilimtosha. Hilo ndilo lililomwingia Sumaku kama baridi. Halikupwaya mahali popote. Akainamisha macho ili asilitazame, na macho yakaangukia miguu ya mama yake. Mama alikuwa ameanza kushona tena. Mguu mtupu ulipanda na kushuka juu ya mkanyagio, kisigino kikijionyesha na kujificha. Katikati ya kisigino palikuwa na kitu cheupe, cha duara, kidogo kama punje ya mchele. Kilipanda na kushuka pamoja na mguu.

Kilikuwa kichwa cha pini. Na Mama alikuwa akiimba kwa sauti ya chini.

"Mama, acha! Usikanyage!"

"Kuna nini tena?"

"Mguuni!"

Mama aliunyanyua mguu, akauweka juu ya goti na kuuangalia kama anaangalia mguu wa mtu mwingine. Akakishika kile kichwa cheupe kwa kucha, akavuta. Pini ilitoka, ikaendelea kutoka, nzima. Tone la damu likaja baadaye, kama lililosahau kazi yake.

"Wala hauumi," Mama alisema.

Maneno yale yalikuwa yamewahi kusemwa katika nyumba ile, kwa sauti nyingine. Ubao wa dirisha ukagonga, ko, na safari hii Mama ndiye aliyeshtuka. Akatazama chini ya meza, kwenye kile kiatu kimoja.

Sumaku akapiga magoti sakafuni. Alilia mpaka maneno yakawa yanakatika. "Ni mimi. Mimi ndiye... Futi niliyokuwa nakupimia ni ile mbovu. Namba zote za uongo. Na pini sikuokota, niliogopa kuingia. Sikutaka ulie, Mama. Ndiyo hivyo tu, sikutaka ulie."

Mama hakumgombeza. Aliizungusha pini kati ya vidole.

"Nilijua," akasema mwishowe.

Sumaku aliinua uso.

"Mimi ni fundi, mwanangu. Ulipoizungusha mara ya kwanza, niliisikia ikipita bila bati. Mwili wangu unazijua futi zangu kama unavyozijua kanga zangu. Nilifumba macho makusudi. Nilitaka kusikia ile namba yako." Alipangusa pua kwa upande wa mkono. "Wewe ulinidanganya kwa kunihurumia. Mimi nilikuachia mtoto mdogo ubebe mzigo wangu. Sasa mzigo umetua kisiginoni."

* * *

Sumaku alikimbia hadi kwa Mama Matunda. Jirani yule hakuuliza maswali mawili. Alimwaga machungwa yake kwenye beseni, akaja na toroli tupu hadi mlangoni.

"Panda."

"Nipande toroli la ndizi, mimi mtu mzima?" Mama alisema.

"Ndizi nazibeba kila siku na hazijawahi kunijibu. Panda, shoga, usiukanyagie mguu huo!"

Wakaenda hivyo hadi zahanati, Mama Matunda akisukuma, Sumaku akishikilia pembeni, Mama akiwa amejifunika uso kwa mtandio. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, asiyeongea sana. Aliusafisha mguu, akakagua vidole kimoja kimoja, akamdunga Mama sindano ya pepopunda. Akagusa nyayo zake kwa ncha ya unyoya, huku Mama amefumba macho.

"Hapa unasikia?"

"Bado hujagusa."

Nesi na Mama Matunda wakatazamana. Kisha Nesi akapima sukari, na namba ilipotokea alimgeuzia Mama kile kipimo aione mwenyewe. Ilikuwa juu sana.

"Ulikuja lini mara ya mwisho?" aliuliza. Mama akainama. Ndipo Sumaku, akitazama ule mraba mweupe sakafuni, akaeleza habari yote ya futi mwanzo hadi mwisho. Hakuacha hata sehemu aliyoionea aibu.

Nesi alivuta kiti, akakaa mbele yao.

"Nisikilizeni wote. Kwanza, uzito kurudi mradi unapoisha si ajabu, na si kwako peke yako, fundi. Wengi unawarudia. Mlikuwa mnashikwa mkono, mkono ukaondoka. Mwili nao unapenda kurudi ulikozoea. Hilo si dhambi. Na sisi wa zahanati tulikosea, maana tuliwapa vyeti kama watoto wa darasa la mwisho. Ugonjwa huu hauna mahafali."

"Kwa hiyo ile miaka yote ni bure?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana! Miaka ile iliulinda mwili wako, na ulichojifunza bado unacho. Unaanzia njiani, huanzii mwanzo." Kisha akamgeukia Sumaku. "Nawe, binti. Leo umeona pini kwa sababu uliangalia, na umesema kweli kabla kidonda hakijaota mizizi. Ungenyamaza wiki moja zaidi, sijui tungekuwa tunaongea habari gani. Namba mbaya haiui mtu. Namba iliyofichwa ndiyo inayoacha ugonjwa ufanye kazi gizani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Utaogopa tena kumwambia mama yako?"

Sumaku alifikiri. "Nitaogopa," akasema. "Lakini nitamwambia."

Nesi akacheka kwa mara ya kwanza. "Hilo linatosha."

* * *

Kisigino kilichukua muda kupona. Mama alirudi zahanati kila alipoitwa, dawa zake zikabadilishwa, na Baba aliporudi safarini alimpeleka kwa fundi viatu, akamtengenezea vya kufunika, vipana. Mama akavivaa hadi kwenye cherehani. Mkate ulihamia mezani, ukaliwa kwa sahani.

Kidonda kilipofunga, wale wa zamani walianza kutembea tena, bila Kocha na bila filimbi. Redio ndiye aliyepita asubuhi mlango kwa mlango kabla ya shule: "Amkeni! Tunaondoka! Wewe wa geti la kijani, nimekusikia unakoroma!" Mama Matunda, ambaye sasa alitembea nao mpaka njia ya sokoni na toroli lake, alisema mdomo ule hatimaye umepata ajira.

Jumapili ya kwanza baada ya kupona, Mama alisimama katikati ya chumba cha mbele. Aliitoa futi kuukuu kwenye droo, akachukua mkasi wa kukatia, akaikata vipande vipande. Kisha akampa Sumaku ile yenye bati, akainua mikono. Safari hii hakufumba macho.

"Soma kwa sauti."

Sumaku aliizungusha, akaona namba. Ilikuwa kubwa. Aliitaja kama ilivyo.

Mama alivuta pumzi. Akairudia namba ile mwenyewe, polepole, kama mtu anayejifunza jina la mgeni. Machozi yalimlengalenga, lakini hakukimbilia kabatini. Alikwenda pembeni, akalivuta sanamu mpaka katikati ya chumba.

"Shika hapa. Tunalipima nalo."

Walilipima sanamu kwa futi ileile ya kweli. Lilikuwa limezidi kidogo. Mama akachomoa mabaki ya vitambaa tumboni mwake, kiganja kimoja, kisha kingine, mpaka namba zikalingana. Gauni la bluu hakulivalisha tena. Alilikata, akalifanya foronya.

"Na ukipungua?" Sumaku aliuliza.

"Tutalipunguza."

"Na ukiongezeka?"

"Tutaliongeza. Na wewe ndiye utakayenisomea." Mama alimshika kidevu. "Zamani niliweka sanamu hili hapa ili nilikimbie, ndiyo maana lilinitisha. Sasa likae, liwe kioo. Ukinipenda, mwanangu, usinipunguzie hata nusu inchi. Nisomee ilivyo, halafu ubaki hapa hapa na mimi."

"Sawa, Mama."

Nje upepo ulivuma, na ubao wa dirisha ukagonga mara moja. Hakuna aliyeruka. Sumaku alivaa viatu vyake vizuri, akachukua uzi wake, akaanza kuburuta: nyuma ya mlango, kuzunguka cherehani, kuzunguka miguu ya mama yake iliyofunikwa, kisha chini ya meza, mpaka mwisho kabisa ukutani. Sumaku ikanasa kwenye kishikizo cha kiatu cha Bibi. Safari hii hakuvuta kwa nguvu. Alipiga magoti, akakipangusa vumbi kile kiatu, na nyuma yake, gizani, akaona kitu kinang'aa.

Ka.

"Umepata?" Mama aliuliza.

"Nimepata moja," Sumaku akajibu. "Naangalia kama kuna nyingine."